Mji Niliopewa na Mazoon

Mazoon alikuwa na miaka tisa nilipomtegea kitendawili kilichokuja kunipeleka Ulaya.

Siku hiyo baba yake, mwanangu Khalil, alikuwa kamwacha kwangu Wadi Kabir, huku Oman, kama alivyozoea kila skuli zikifungwa. Nje mafundi wa gereji wanagonga mabati, ndani siye tumekaa mkekani tunachagua mchele. Nikamwambia, "Kitendawili!"

"Tega!"

"Nna ndugu wawili. Safari nzima wananibeba, tukifika nyumbani nawafungia nje."

Akafikiri mpaka ulimi ukamtoka. Akataja punda, akataja magurudumu ya gari, akataja hata wajomba zake. Wapi!

"Nipe mji," nikamwambia.

Kwa asiyejua, kwetu aliyeshindwa hapewi jibu bure. Lazima atoe mji kwanza. Mwenye kitendawili akiukubali, anasema nimekwenda huko, nimekula, nimekunywa, ndipo anatoa jibu. Akiukataa, anatajiwa mwengine. Mazoon alikuwa keshanipa Nizwa, Sur, Salala, Dubai, na Landani mara mbili. Nikamwambia miji hiyo nimeichoka. Basi akaenda kuchukua buku lake la ramani, akafumba macho, akaangusha kidole. Kidole kikaangukia Spania, chini kabisa, kwenye kijipande cha nchi kilichochomoza baharini kama pua.

"Chukua Kadizi."

"Haya. Nimekwenda Kadizi, nimekula, nimekunywa, nimewakuta watu wake wazuri. Ndugu zangu wawili ni viatu."

Badala ya kucheka, alinuna. "Hujaenda, Bibi. Muongo wewe. Mji ukipewa lazima uuingie kwa miguu yako."

"Ntauingia, inshallah."

"Lini?"

"Siku utakayonipeleka."

Sasa Mazoon ana miaka ishirini na sita. Anafanya kazi kwenye afisi ya bima pale Ruwi, ana gari lake, na mwezi wa tisa uliopita alinijia na karatasi mbili mkononi. Tiketi. "Vaa ndugu zako, Bibi," akaniambia. "Unakwenda kuuingia mji wako."

Nilifurahi, nisiseme uongo. Lakini mie si mtoto. Mwaka wa tatu huo Khalil alikuwa hanipumzishi, anataka nihame Wadi Kabir nende nikakae kwake Qurum. Kila akija anakaa kwenye kiti cha marehemu baba yake, Marhoon, Mungu amrehemu, anaanza wimbo wake. "Mama, huku gereji tupu sasa. Mama, ukianguka nani atakuona? Mama, chumba kipo." Na mie namjibu yaleyale. Nyumba hii baba yako kaijenga chumba kimoja kimoja, kila mshahara matofali. Wewe mwenyewe umekulia humu. Ntatoka humu nimebebwa.

Qurum nnakujua. Majumba makubwa, bustani, bahari hiyo hapo. Lakini ukiishiwa na chumvi, mpaka mtu akutie garini. Mie nimezoea kutoka na ndara zangu, nikagombana kidogo na mwenye duka juu ya bamia zake zilizokomaa, nikarudi nyumbani roho imetulia.

Siku ya kuondoka, nafunga begi langu chumbani, nikamsikia Mazoon ukumbini na simu, sauti chini kama mwizi. "Bado, Baba. Ntamwambia hukohuko. Akishapumzika atakubali."

Ala! Nikatia kilo mbili za halua kwenye begi, nikavuta zipu mpaka mwisho. Nikasema moyoni, twende. Tutaona nani atamkubalisha mwenziwe.

Tulipanda ndege mbili na treni moja. Tuliposhuka, upepo wa bahari ukanipiga usoni, upepo baridi, nikavaa sweta la Mazoon juu ya abaya nikawa kama gunia. Mwezi wa kumi ulikuwa unakwisha. Jua lao wakati huo ni jua la adabu, linakugusa halikuchomi.

Mji wenyewe bahari imeuzunguka pande tatu. Ndani ni vichochoro, nyumba zimeinamiana, roshani juu, milango mikubwa chini. Nikaweka mkono ukutani. Mawe yao yana makombe ndani! Makombe ya chaza, yamegandamana na jiwe tangu enzi. Nikasimama pale nayapapasa, watu wanapita.

"Bibi, vipi?"

"Hamna kitu, mke mwenzangu." Ndivyo nnavyomwita, maana babu yake alikuwa akimtania kwamba ndiye mke mdogo. "Nimekumbuka ukuta wa kwetu Unguja. Nao ulikuwa wa mawe ya baharini. Nilikuwa nikiuchimba kwa kucha, mama ananipiga."

Nyumba aliyokodi Mazoon ilikuwa ghorofa ya kwanza. Kichochoro chembamba, ukinyoosha fagio dirishani unagusa ukuta wa pili. Na huko ng'ambo, juu ya nyumba ya ghorofa tatu, alikuwa anakaa bibi mmoja wa umri wangu, au kanizidi kidogo, nywele nyeupe kazifunga nyuma. Kila siku saa tatu asubuhi anafungua dirisha, anapiga mluzi, anateremsha kikapu kwa kamba. Muuza mikate wa chini anatoka, anatia mkate, anavuta kamba mara mbili, kikapu kinapanda.

Nikapiga makofi. "Mama yangu alikuwa akinunua ndizi hivihivi!"

Mama hakuwa akitoka, mambo ya zamani hayo. Huyu wa Kadizi kilichomweka ndani ni magoti. Mazoon alizungumza na muuza mikate kwa ile simu yake inayotafsiri, akaambiwa ngazi ni sitini na nne na lifti hakuna. Watoto wake wako mji mkuu, kila siku wanamtaka ende kwao, naye hataki.

Mazoon aliponitafsiria hayo akaniangalia kwa pembe ya jicho. Mie nikajitia kuangalia mikate.

Asubuhi ya pili, kikapu kiliposhuka, nikateremka na kipande cha halua nimekifunga karatasi safi, nikakitia pembeni mwa mkate. Bi Kikapu, ndivyo nilivyompa jina, akakivuta juu, akafungua, akanusa. Akaweka mkono kifuani akaniinamia. Na mie nikamwinamia. Yakaisha hapo.

Siku hiyo Mazoon akanipeleka sokoni. Sijawahi kuona soko kama lile. Walikuwa na sikukuu yao, na wachuuzi wameshindana kupamba bidhaa. Kuku kavuliwa manyoya, kavishwa gauni na kofia. Samaki kavishwa miwani. Maboga yamepakwa wanja na rangi ya mdomo, yamekaa kama wanawake wako harusini. Nikacheka mpaka nikashika nguzo. Halafu nikageuka nikakuta nguruwe mzima kavaa tai, kanielekea mie.

"Astaghfirullah! Mazoon, nitoe hapa, huyu ananisalimia!"

"Mjibu basi, Bibi, watasema Waomani hawana adabu."

"Mjibu wewe, ndiye mtu wa afisi, kavaa tai mwenzio."

Tukatoka mbio, yeye kanishika mkono, tunacheka kama wasichana. Nikasema labda leo ndiyo ataniambia alilotumwa. Hakuniambia.

Asubuhi ya tatu ndiyo nikakasirika. Kikapu kilishuka, lakini hakikufika chini. Kilisimama mbele ya dirisha letu hasa. Nikakivuta kwa fagio, ndani mna kifurushi. Nikafungua. Kipande chekundu cha kuelekea weusi, kinang'aa, kimekatwa mraba, kinanata vidoleni.

"Amenirudishia!" nikasema. "Halua yangu kanirudishia!"

"Bibi, siyo."

"Siyo nini? Mie nisijue halua? Tangu lini mtu akarudisha halua ya watu? Kama hakuipenda, si angempa hata paka, nisione? Kanikatia vizuri na mraba juu yake, ndiyo dharau yenyewe hiyo!"

"Onja kwanza."

"Sionji. Nnajua kilichomo. Samli, zafarani, na iliki nimeipima mwenyewe."

Mazoon akakata kipande akanitia mdomoni kama mtoto mchanga. Ilikuwa tamu, lakini ina ukakasi wa tunda kwa mbali, na punje ndogondogo kama mchanga laini. Hamna samli, hamna iliki. Kumbe wao wana tunda la manjano, linaiva msimu huo, wanalipika na sukari mpaka linakuwa jekundu na kugandamana. Halua yao hiyo! Mwenzangu kapokea cha kwetu, kanipa cha kwao.

Mazoon alikuwa keshakaa chini sakafuni, machozi ya kicheko yanamtoka. "Ulikuwa ushamtukana, Bibi! Mtu wa watu!"

"Sikumtukana. Nilimuuliza tu."

Kwetu ukiletewa kitu ndani ya chombo, hukirudishi chombo kitupu. Nikatia kipande chengine cha halua, kikubwa zaidi ya cha mwanzo, kwa sababu ya aibu. Nikavuta kamba mara mbili. Juu nikamsikia anacheka.

Siku ya nne muuza mikate aliusikia mluzi, akatia mkate, akavuta kamba, akarudi dukani kwake. Mie nilikuwa nakunywa kahawa dirishani. Nikaona kikapu hakipandi. Nikasema labda simu imemshika. Nikamaliza kikombe, nikamimina chengine. Mkate uko palepale, unazunguka kidogo na upepo.

"Mazoon. Njoo uone. Mkate haujapanda."

"Atakuwa msalani."

"Nusu saa?"

Akaja, akaangalia juu. Dirisha wazi, pazia linapepea, mtu hamna. Akateremka mbio kwa muuza mikate. Muuza mikate akatoka akaita, akaita tena. Mwanamke wa duka la pembeni akaja na ufunguo, kumbe anao siku zote. Wakapanda watu watatu. Kichochoro kizima kikajaa vichwa madirishani.

Alikuwa kaanguka jikoni. Kashateremsha kikapu, kageuka kuangalia maziwa yake motoni, mguu ukateleza. Mzima, Alhamdulillahi, ila kifundo kimevimba kama embe. Wakamteremsha ngazi zote sitini na nne juu ya kiti, vijana wawili wa gari la hospitali, yeye katikati anawapa amri. Alipofika chini akasimamisha msafara, akasema kitu kwa ukali, akaonesha kikapu.

"Anasemaje?" nikamuuliza Mazoon.

"Anasema mkate wake usiachwe ukakauka. Upewe yule bibi wa halua."

Nikaenda nikamshika mkono. Wake wa baridi, una unga. Hatukuzungumza, tungezungumza lugha gani? Akanifinya vidole, wakamchukua.

Mazoon alinigeukia. "Umeona, Bibi?"

"Nimeona. Nimeona watu wote wametoka."

"Na mie nimeona ngazi sitini na nne."

Kila mmoja kaona jambo lake katika kikapu kilekile, na kila mmoja ana haki. Lakini kulikuwa na jambo nililoliona mie tu. Kule Kadizi mtaa mzima unaangalia mkate wa mwenzao. Wadi Kabir nani ataangalia wangu? Zamani alikuwepo jirani yangu Mastura. Tulikuwa tunakunywa kahawa kila siku, mlango kwa mlango, na siku nikichelewa kufungua anakuja kupiga hodi kwa kijiko cha chuma. Mastura alihama mwaka jana kwenda kwa bintiye Sohar. Nyumba yake wanakaa mafundi wanane, watu wema, wananisalimu, lakini alfajiri wako kazini, wanarudi jua limekuchwa. Muuza bamia nae akisikia kimya atasema nimekwenda kwa watoto.

Alasiri tukakaa kwenye ukuta wa baharini. Mazoon kanunua fungu la zile kokwa za kahawia wanazochoma njiani kwa chumvi, moshi mji mzima. Ukizimenya na kutafuna, ni mbegu za fenesi za kuchoma, hazina tofauti kubwa. Tunamenya, tunatupa maganda kwenye karatasi. Upepo umetulia.

"Bibi," akasema. "Kitendawili."

Nikashituka. Yeye kunitegea mie! "Tega."

"Kila Alkhamisi navishwa nguo mpya, mwaka wa tatu sasa, na harusini siendi."

Nikacheka. "Kuku wa sokoni."

"Kuku wa sokoni havishwi kila Alkhamisi."

"Sanamu la duka la nguo."

"Siyo."

Nikafikiri. Kaburi? Kaburi halivishwi. Meza? Ngoma? Nikafikiri mpaka kokwa zikapoa mkononi. Miaka yote hiyo sijawahi kushindwa na mjukuu wangu hata mmoja. "Nimeshindwa," nikasema.

"Nipe mji."

"Chukua Nizwa."

"Siutaki."

"Chukua Unguja, pamoja na karafuu zake."

"Siutaki."

"Eh! Chukua Kadizi basi, nakurudishia wako."

"Siutaki, Bibi." Akaweka kokwa zake chini. "Nnautaka Wadi Kabir."

Nikajua saa ndiyo imefika. Ujumbe wa Khalil ndio huu, mtoto kauzunguka siku nne kaja kuutia ndani ya kitendawili. Nikaangalia bahari. Ningeweza kukasirika. Lakini kitendawili ni kitendawili, mie ndiye niliyemfundisha, na mie ndiye niliyeshindwa.

"Haya," nikamwambia. "Nimekupa Wadi Kabir. Toa jibu."

"Kitanda chako cha Qurum." Akafuta pua kwa kiganja. "Kila Alkhamisi Baba anakibadilisha mashuka. Si mfanyakazi, si Mama. Yeye mwenyewe. Anasema labda Ijumaa hii mama yangu atakuja. Anafukiza na udi. Jumamosi anafunga mlango."

Nilikuwa nikisikia 'chumba kipo' miaka mitatu, nikidhani chumba ni chumba tu, kuta nne na mlango wa kunifungia. Sikujua kama kuna mtu anapiga magoti kuchomekea shuka. Khalil yule, ambae utotoni hata mto wake alikuwa hauokoti!

Basi na mie nikamwambia langu, ambalo sikumwambia mtu. Ramadhani iliyopita nilianguka chooni. Alfajiri. Nikalala pale sakafuni mpaka adhana ya adhuhuri, mguu hautaki kunyanyuka, nasikia mafundi wanagonga mabati nje, nikiita hawasikii. Nikajiburura mwenyewe. Jioni Khalil alipopiga simu nikamwambia futari tamu.

Mazoon hakunigombeza. Alinishika tu, akaweka kichwa chake juu ya bega langu, na sweta lake lile.

Mwisho nikamwambia, "Sasa, mke mwenzangu. Utauingia lini?"

"Nini?"

"Mji wako. Umeuomba, nimekupa, na jibu umeshalitoa. Mie ulinipa Kadizi, nimekuja na magoti haya, ndege mbili na treni. Wewe Wadi Kabir utaingia lini kwa miguu yako?"

Akanyanyua kichwa. "Bibi! Mie nilikusudia..."

"Nnajua ulichokusudia. Baba yako kakutuma uutwae. Lakini ulisema mwenyewe na miaka yako tisa, anayepewa mji ndiye anayeuingia. Au sheria ilikuwa yangu peke yangu?"

Alinikodolea macho. Halafu akaanza kucheka, kwanza kidogo, halafu akaziba uso kwa mikono. "Baba atanichinja."

"Hakuchinji. Chumba cha juu kina dirisha la barabarani. Afisi yako ya Ruwi hiyo, unasikia hata wakipiga chafya. Hukai saa nzima kwenye foleni ya kutoka Qurum."

"Chooni patiwe vyuma vya kushikia."

"Vitiwe."

"Na simu unavaa shingoni. Usiniambie inakuwasha."

"Itaniwasha, lakini ntavaa."

Akamenya kokwa ya mwisho, akaigawa nusu. "Na Alkhamisi?"

Hilo nililijibu taratibu, kwa sababu lilinigharimu. "Alkhamisi tunakwenda wote Qurum. Tunalala mpaka Jumamosi. Kitanda kimeshangojea vya kutosha."

Siku ya kuondoka Kadizi, Bi Kikapu alikuwa kesharudi, kafungwa mguu, binti yake kaja kukaa nae. Kikapu sasa anakiteremsha binti, bibi yuko nyuma yake dirishani anamsahihisha namna ya kushika kamba. Nikamtilia halua yote iliyobaki.

Khalil aliposikia makubaliano yetu alipiga kelele dakika kumi. Nilimsikia kwenye simu ya Mazoon nikiwa mbali. "Nimekutuma umlete, umekwenda kujipeleka!" Lakini ndiye aliyeleta fundi wa vyuma vya chooni, na ndiye aliyebeba masanduku ya mwanawe mpaka juu, anahema, anasema hii nyumba ngazi zake mbovu.

"Kumi na mbili tu," nikamwambia. "Kuna mwenzangu ana sitini na nne."

Alkhamisi ya kwanza tulifika Qurum baada ya alasiri. Khalil alitangulia akafungua mlango wa chumba. Shuka jeupe, limevutwa likanyooka, ila pembe moja ya chini imechomekwa vibaya, kama mtu aliyefanya haraka. Harufu ya udi. Nikavua ndara mlangoni, nikaenda nikaichomoa ile pembe, nikaichomeka sawasawa.

"Hivi, baba," nikamwambia. "Njoo uone."

Akaja akainama pembeni yangu.